Nilimfuta Asiyehama

Nilimfuta asiyehama. Aliyehama alikuwa keshafika Handeni na mizigo yake, na akaunti yake ikabaki nzima kwenye seva yetu. Mama wa masijala, ambaye hana hata mpango wa kuhama, ndiye aliyekuja kazini akakuta kompyuta haimjui.

Sina wa kumsingizia. Barua ya uhamisho ilikuwa na majina matatu kamili na namba ya cheki ya mtumishi. Mimi nilisoma jina la mwisho tu, nikafungua Active Directory, panapotunzwa akaunti za ofisi, nikatafuta Salimu, nikabofya la kwanza lililotokea. Programu ikaniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika.

Aliyewahi kufanya kazi Pangani atanielewa, ingawa kuelewa si kusamehe. Mwambao huu majina yanajirudia, na mtindo wa kuunda akaunti nilioukuta ofisini, nikauendeleza bila kuufikiria, ulichukua herufi ya kwanza ya jina la mtu ukaiunga na jina la mwisho. Akaja msalimu. Baada ya miaka akaja mwingine, tukamwita msalimu2, tukaona tumemaliza. Mtaani hatuwachanganyi hata kidogo: huyu wa ng'ambo Bweni, yule wa hapa mjini karibu na boma. Kwenye seva niliwaachia tarakimu moja iwatenganishe, kisha sikuitazama.

Asubuhi mama yule akaja mlangoni kwangu. "Mwanangu, hili dude leo limenikataa. Nimeandika neno la siri mpaka vidole vimechoka."

"Shikamoo mama. Pole, kaa kidogo tu."

Nikaiunda akaunti upya, jina lile lile herufi kwa herufi, nikampa neno jipya la siri. Nikajiona fundi. Alipoingia, skrini ilikuwa tupu, mafaili yake hayapo, na folda ya masijala ikamgomea. Nikaenda kwenye seva kutazama orodha ya ruhusa za folda hiyo. Mahali palipokuwa na jina lake palikuwa na alama ya kuuliza na mlolongo wa tarakimu ulioanza na S-1-5-21, mrefu mpaka ukingo wa dirisha. Nikautazama. Jina nilikuwa nimelirudisha, na pale hapakuwa na jina. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba seva haikuwahi kumjua kwa jina.

Kila akaunti inapoundwa hupewa namba yake, na namba hiyo haipewi akaunti nyingine hata kama ya kwanza imefutwa. Ruhusa za folda, uanachama wa makundi, hata mpangilio wa skrini ya mtu, vyote vimefungwa kwenye namba. Jina ni la kutusaidia sisi tusomao. Niliyemuunda asubuhi ile alikuwa mgeni kabisa mwenye jina la mwenyeji. Na kinachoniuma zaidi ni hiki: akaunti ya zamani ilikuwa bado haijapotea. Ikifutwa, kwa kawaida hubaki imefichwa kwa siku 180, na inaweza kufufuliwa ikiwa na namba yake ile ile. Tangu Windows Server 2008 R2 kuna hata pipa la kuirudishia pamoja na makundi yake yote, ila lazima uwe umeliwasha kabla ya kosa. Sikuwa nimeliwasha. Wala sikujua kama lipo, mimi niliyebandika ukutani karatasi ya kuwaonya wenzangu wasishike wasichokijua.

Kosa la pili ndilo lililogharimu. Mama amesimama nyuma yangu, kikao cha saa nne kinasubiri majalada, na mimi nataka folda ifunguke. Badala ya kumpa ruhusa kwenye folda ya masijala peke yake, nikapanda mpaka folda kuu ya ofisi, nikawaruhusu watumishi wote, kisha nikatia tiki kwenye kile kisanduku kinachofuta ruhusa za folda zote za chini na kuzirithisha za juu. Ikafunguka. Zikafunguka zote, pamoja na ya utumishi, yenye mikopo ya watu, barua za nidhamu na barua za hospitali.

Hakuna aliyelalamika, maana mtu hulalamikia mlango uliofungwa. Nilikuja kujua siku kadhaa baadaye, dereva alipomtania karani kuhusu deni lake na kulitaja mpaka shilingi ya mwisho.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka mwenye kutunza taarifa za watu azilinde. Sikuzilinda. Nilipewa onyo la maandishi. Ugonjwa wa mtumishi mmoja ukajulikana mpaka kwenye kivuko. Karani alihamia chumba kingine. Ruhusa nilizipanga upya moja moja kwa kuwauliza wakuu wa vitengo, kwa sababu nakala zangu za akiba nilikuwa nikiziburuta tu kwenye diski ya nje, na nakala ya namna hiyo haibebi ruhusa. Siku hizi ruhusa nazihifadhi kwa amri ya icacls, inayoziandika kwenye faili dogo.

Sifuti tena mtu siku anapoondoka. Naisimamisha akaunti, naihamishia kwenye fungu la walioondoka, na inakaa humo mpaka nipate uthibitisho wa ofisi. Namba ya cheki naiandika kwenye maelezo ya akaunti, na ndiyo ninayotafutia, si jina. Ruhusa nazipa kundi, kisha namwingiza mtu kwenye kundi. Akihama, namtoa, folda siigusi. Pipa nimeliwasha.

Afisa utumishi ameziondoa barua za hospitali kwenye seva. Amezichapa na kuzifungia kwenye kabati la chuma. Nimemweleza nilivyopanga upya, akanisikiliza vizuri, akaniuliza na maswali. Ufunguo bado anao yeye.