Nusu Alama

Watu wengi hudhani ya kuwa mchezo usio na mshindi ni mchezo usio na faida. Sisi twakataa, na sababu yetu twaitoa katika sataranji, mchezo wa ubao wenye miraba 64.

Siku moja tulitazama mashindano ya klabu za mjini. Wachezaji wawili tuliowafuata hawakuwa mabingwa: mmoja seremala mwenye mvi, wa pili karani kijana. Baada ya muda wa saa 3, seremala, mwenye vipande vyeupe, alibaki na mfalme, askari wawili, na kile kipande ambacho Waingereza hukiita askofu, na Wafaransa mwenda wazimu. Karani alibaki na mfalme na farasi tu.

Ndipo karani alipomtuma farasi wake amle askari mmoja, hali akijua kwamba farasi naye ataliwa. Watazamaji walinong’ona ya kuwa kijana amekata tamaa. Kumbe alikuwa amehesabu vema! Askari aliyesalia alikuwa wa ukingoni kabisa mwa ubao, na pembe aliyoiendea ili ageuzwe malkia ilikuwa nyeusi. Lakini askofu huenda mshazari, hawezi kubadili rangi, na huyu alikuwa wa miraba myeupe. Basi mfalme wa karani alikimbilia pembe ile, akakaa. Nguvu zote za seremala hazikuweza kumtoa.

Mzee alijaribu njia nyingi, pasipo haraka. Mwishowe askari wake alifika hatua moja kabla ya mwisho. Mfalme wa kijana akakosa pa kwenda, wala hakuwa ametishwa. Mambo yakifika hapo, sheria yasema ni sare: kila mmoja apata nusu alama.

Mzee akatoa mkono. “Mwanangu, nusu hii umeitolea jasho.”

“Aksanti, Baba. Nawe hukunipa bure.”

Wanafunzi, yatazameni hayo. Kijana hakuokolewa na bahati. Alijua mapema atakalolipata kwa kumtoa farasi. Mwenye kidogo asiharakishe kukubali kushindwa. Na mwenye kingi asijivunie wingi, maana huenda alicho nacho si cha rangi inayotakiwa.