Mkanda Uliombana Mwenzetu



Leo tungependa kuwashirikisha jambo lililotupata katika mchezo wa kupanda miamba, jambo lililohusu mkanda tu. Huenda wengi wenu hamjawahi kuuvaa mkanda wa namna hiyo, wala hamna nia ya kuuvaa. Hata hivyo tunawaomba mtusikilize hadi mwisho, kwa maana kosa tulilolitenda linaweza kutendwa na mtu yeyote, hata asiyeuona mwamba maisha yake yote.

Mchezo wenyewe, kwa wasioufahamu, ni huu. Mwamba hutobolewa matundu na kukazwa bolti za chuma, tangu karibu na ardhi hadi juu. Mpandaji hupanda kwa nguvu ya mikono na miguu yake. Kamba haimvuti; kazi yake ni kumdaka anapoteleza. Kila afikapo kwenye bolti huinasa kamba yake hapo, na mwenzake aliye chini huishikilia kwa kifaa maalumu. Namna hii ya kupanda ilienea kutoka Ufaransa katika miaka ya 1980, na ikaingia katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo, mwaka 2021. Kati ya kamba na mwili wa mtu kuna kitu kimoja tu, nacho ni mkanda: mshipi wa kiuno, vitanzi viwili vya mapaja, na kitanzi kinene cha mbele kinachoviunganisha.

Waliotutangulia milimani hawakuwa na kitu hicho. Mwaka 1889, padre mmoja wa Milano aitwaye Achille Ratti aliupanda mlima Monte Rosa kwa upande wake wa mashariki, ulio mkali na wa kutisha. Mwaka 1922 padre huyo akawa Papa Pio wa 11. Katika enzi zake mpandaji aliifunga kamba yenyewe kiunoni, na aliyeanguka alibanwa mbavu hata pumzi ikamkatika. Ilikuwa ni mwaka 1970 ambapo Mwingereza Don Whillans alibuni mkanda wa kuketia kwa ajili ya msafara wa kuupanda upande wa kusini wa Annapurna, kule Nepali. Mkanda huo uliuhamisha uzito wa mtu kutoka mbavuni na kuupeleka mapajani. Tangu hapo mtu aliyedakwa na kamba aliweza kuketi hewani, badala ya kuning'inia kama mzigo.

Sasa turudi kwetu. Tulikuwa watu sita, wanaume wanne na wanawake wawili, tulioifunga safari kwenda Hell's Gate, karibu na Naivasha. Hapo imesimama nguzo ya mwamba wa volkano iitwayo Mnara wa Fischer, yenye kimo cha mita 25 hivi, iliyopewa jina la mpelelezi Mjerumani aliyepita bonde lile mwaka 1883. Tulikuwa na mwalimu hodari na kamba nzuri. Mikanda tulikuwa nayo minne, yote ya kuazima kutoka kwa marafiki, na yote ilikuwa ya vijana wembamba. Tuliona kwamba imetosha. Mkanda ni mkanda, tulisema.

Ilipofika zamu ya mwenzetu mmoja, mama wa watoto watatu, tulimkazia mkanda sisi wenyewe. Hakuchukua muda akasema, "Jamani, mkanda huu unanibana." Tukamjibu kwa upole, na tulidhani tunamtia moyo, "Vumilia kidogo, mama. Ni dakika chache tu."

Wapendwa, sisi ni watu tuliolelewa kuusifu uvumilivu. Neno hilo hututoka mdomoni kabla hatujauliza swali lolote. Yeye naye, kwa kuwa ni mtu wa heshima na hakutaka kuchelewesha kundi, hakubishana. Aligeuka pembeni, akailegeza bizimu ya kiunoni, akaushusha mshipi chini ya mifupa ya nyonga, pale ambapo haukumuuma. Kisha akaanza kupanda. Hakuna hata mmoja wetu aliyemkagua upya.

Alipofika kimo cha nyumba ya ghorofa mbili, mguu wake uliteleza. Kamba ilimdaka kama ilivyopasa. Lakini kwa kuwa mshipi ulikuwa chini mno, sehemu kubwa ya uzito wa mwili wake ilikuwa juu ya pale kamba ilipofungwa. Basi kichwa kikaenda nyuma, miguu ikaja juu, na mshipi uliolegea ukaanza kuteleza kuelekea miguuni. Aliishika kamba kwa mikono yote miwili na kujivuta. Mwalimu alimshusha taratibu, nasi tukampokea. Hakuvunjika mfupa. Alikuwa na michubuko, na mikono yake ilitetemeka kwa muda mrefu. Hakutulaumu. Alisema neno moja tu: "Niliwaambia."

Neno hilo tulirudi nalo Nairobi. Ndani ya gari hakuna aliyekuwa na la kusema. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, lakini sisi tulijua kwamba tatizo halikuwa kuazima peke yake. Mwenzetu alitupa habari sahihi kuhusu mwili wake, nasi tukaipokea kama udhaifu.

Baada ya majuma kadhaa tuliamua kununua mikanda yetu, tukaanza kujifunza yale tuliyopaswa kuyajua kabla ya safari. Jambo la kwanza lilitushangaza. Tulidhani kwamba starehe ya mkanda ni anasa, kitu cha watu wasiopenda taabu. La hasha. Mkanda unaouma hulegezwa, au huvaliwa mahali pasipofaa, au mtu huharakisha ili auvue. Starehe ni sehemu ya usalama wenyewe.

Tulijifunza kwamba mshipi wa kiuno hukaa juu ya mifupa ya nyonga, mahali kiuno kinapokuwa chembamba. Hapo ndipo hupimwa, wala si pale suruali inapokaa. Ukiisha kukazwa, kiganja kilichonyooshwa kiweze kupita kati yake na mwili, lakini mshipi wenyewe, hata ukivutwa kwa nguvu, usiweze kushuka kupita nyonga. Utepe unaobaki baada ya bizimu uwe na urefu wa inchi tatu hivi, usije ukachomoka. Vitanzi vya mapaja navyo vikae karibu na mwili bila kuubana, na mtu aweze kuinua goti hadi kifuani pasipo kuvutwa.

Tulijifunza pia kwamba miili haifanani, na watengenezaji wanalijua hilo. Mikanda iliyokatwa kwa ajili ya wanawake kwa kawaida huwa na nafasi ndefu zaidi kati ya mshipi wa kiuno na vitanzi vya mapaja, na mshipi wake hufuata umbo la nyonga pana. Nafasi hiyo ikiwa fupi mno, vitanzi huuvuta mshipi chini. Ikiwa ndefu mno, mtu hulala chali akining'inia. Ndiyo maana mkanda uliomfaa kijana mwembamba ulimuumiza mwenzetu. Hakuwa mtu wa kulalamika ovyo. Alikuwa amevaa umbo la mtu mwingine. Watoto wadogo nao, ambao bado hawana nyonga za kuuzuia mshipi, huvikwa mkanda unaozunguka mwili mzima hadi mabegani.

Kuhusu unene wa sifongo, tulidanganyika sote. Kila mmoja alikimbilia mkanda mnene kuliko yote, akiubonyeza kwa kidole kama anayechagua godoro. Lakini sifongo laini mno hukunjika chini ya uzito, na uzito wote ukaangukia kwenye ukingo mmoja. Kinachofaa ni mshipi unaoutawanya mzigo kwa usawa katika upana wake wote. Katika mchezo huu, ambapo mtu habebi vifaa vingi, mkanda wa gramu 300 hadi 400 wenye vitanzi vinne vya kuning'inizia vifaa unatosha kabisa.

Je, mtu ajuaje yote hayo? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika duka tulilokwenda kulikuwa na kamba iliyofungwa kwenye boriti, nasi tuliruhusiwa kuning'inia. Hapo ndipo tulipojua kwamba mkanda uliotupendeza tukiwa tumesimama mbele ya kioo haukuwa ule uliotupendeza tukiwa hewani. Wapo wauzao mikanda wanaomshauri mnunuzi aning'inie dakika tano au zaidi, akiijongeza miguu yake, maana si vyema mtu kuning'inia pasipo kujongea; damu hukusanyika miguuni. Dakika ya kwanza kila mkanda ni mzuri. Dakika ya nne ndipo paja huanza kufa ganzi, au mshono mmoja kukwaruza mbavu.

Mwenzetu alijaribu mikanda mitano. Alipokuwa akining'inia kwenye ule wa tano, sisi tukiwa tumesimama chini tukimtazama, tulimwomba radhi. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jambo lile. Tulimwambia kwamba alituambia ukweli nasi tukamwambia avumilie, na kwamba tungeweza kumpoteza. Alinyamaza kidogo, akizungukazunguka kwenye kamba. Kisha akasema, "Nimewasamehe. Lakini msinishushe kwanza, bado dakika mbili."

Kabla ya kulipa tulitazama lebo. Mkanda unaofaa huwa na alama ya kipimo cha Ulaya EN 12277 au ya shirikisho la kimataifa la wapanda milima, UIAA. Mkanda wa kuketia hupimwa kwa kani ya kilonewtoni 15, sawa na kuning'iniza takribani tani moja na nusu. Tulitazama pia mwaka wa kutengenezwa, kwa maana utepe wa nailoni huzeeka hata ukiwa kabatini, na watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 10. Ukitumika sana, au ukichanika, hustaafishwa mapema zaidi.

Hilo la mwisho halikuwa dogo kwetu, kwa sababu ya habari ya Todd Skinner. Alikuwa mmoja wa wapandaji mashuhuri wa Marekani. Tarehe 23 Oktoba 2006, alipokuwa akiteremka kwa kamba kule Yosemite, kitanzi cha mbele cha mkanda wake kilichokuwa kimechakaa kilikatika, akaanguka na kufa. Mwenzake alikuwa amekwisha kumwambia siku chache kabla kwamba mkanda ule umechoka, na mikanda mipya ilikuwa imeagizwa. Hatulisemi hili kumhukumu marehemu. Tunalisema kwa sababu sisi, tusio na hata chembe ya ustadi wake, tuliambiwa vivyo hivyo chini ya Mnara wa Fischer, nasi hatukungoja hata dakika moja.

Mwaka uliofuata tulirudi mahali palepale. Tulikuwa na desturi mpya: kabla mtu hajaondoka ardhini, mwenzake hukagua bizimu, fundo, na mahali mshipi ulipokaa, kisha humuuliza, "Unakubana?" Na anayeulizwa hujibu kweli. Siku ile mmoja wetu, mwanamume mwenye kifua kipana, aliyekuwa wa kwanza kumwambia mama yule avumilie, alijibu, "Ndiyo, pajani." Tulimngoja hadi alipourekebisha. Hakuna aliyemcheka. Mwenzetu alipanda wa tatu, akateleza karibu na pale alipoteleza mwanzo, akadakwa, akaketi hewani kama mtu aliye kitini. Akatutazama chini, akapumzika, kisha akaendelea hadi kileleni.

Wapendwa, upo uvumilivu ulio wema, nasi hatuukani. Lakini huo ni wa mtu anayeuchagua mwenyewe, wala hauwezi kuamriwa na yule asiyeuvaa mkanda. Juma hili, mtu wa nyumbani mwenu, au kazini, au katika jumuiya, akisema kwamba kitu fulani kinambana, tujizuie tusilitamke upesi lile neno letu la mazoea. Tumuulize kwanza: wapi?

Tunawatakia juma jema.