Nani Amepima Maji Leo?

Saa kumi na moja alfajiri, steji ya Adams Arcade ina watu wachache tu. Nyuma yetu, upande wa Toi, wachuuzi wanakata kamba za marobota ya mitumba. Magari ya 111 yanayotoka Ngong yanapunguza mwendo, makanga anaita abiria wa tao, kisha yanaondoka. Shangazi amenishika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ameukunja kifuani chini ya leso, maana ndimo ilimo fistula yake, mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya sindano za mashine, na hataki mtu aubane ndani ya matatu. Leo ni Jumatatu, siku ya mashine ya kusafisha damu. Atarudi tena Alhamisi.

Nilikuwa nimekuja likizo ya wiki nne kutoka Kent, mji ulio kusini mwa Seattle, ambako nimefanya kazi ya fundi wa hemodayalisisi kwa miaka tisa. Nimewapokea wagonjwa wengi wa alfajiri kama hii, lakini sikuwa nimewahi kumsindikiza hata mmoja kutoka mlangoni kwake. Vijana wa nyumbani huniuliza mara kwa mara mtu husomea nini ili apate kazi hii, na kama Kenya nayo ipo. Zamani niliwajibu kwa sentensi mbili. Baada ya wiki zile nne na shangazi, jibu limekuwa refu.

Seattle ndiko dayalisisi ya kudumu ilikozaliwa. Mwaka 1960, Daktari Belding Scribner wa Chuo Kikuu cha Washington alibuni mrija mdogo unaobaki mkononi mwa mgonjwa, ili aweze kuunganishwa na mashine tena na tena bila kukatwa mshipa mpya kila mara. Mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, aliishi miaka kumi na moja zaidi. Mwaka 1962 mji huohuo ukafungua kituo cha kwanza duniani cha kusafishia damu nje ya wodi za hospitali. Miaka kumi baadaye, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoifanya serikali ilipie matibabu hayo kwa karibu kila raia ambaye figo zake zimekufa. Vituo vikaongezeka kila pembe ya nchi, na mafundi wakaongezeka navyo.

Masharti ya kazi yenyewe si mazito. Kanuni za serikali kuu za mwaka 2008 zinataka fundi awe amemaliza sekondari, afunzwe kituoni chini ya nesi aliyesajiliwa, kisha apate cheti cha taifa au cha jimbo ndani ya miezi 18 tangu aajiriwe. Jimbo la Washington linaongeza leseni yake juu ya hayo. Mimi niliingia na cheti changu cha kidato cha nne cha Nairobi. Baada ya mafunzo niliruhusiwa kuandaa mashine, kupima uzito na shinikizo la damu, kudunga sindano mbili kwenye fistula, kumwangalia mgonjwa kwa saa nne, kumtoa, na kusafisha kila kitu kwa ajili ya anayefuata. Nilikuwa na wagonjwa wanne kwa zamu. Nesi ndiye aliyewachunguza kabla sijawagusa, na neno lake ndilo la mwisho.

Lakini sehemu ya kazi yangu iliyo na uzito kuliko zote hakuna mgonjwa anayeiona. Hufanyika saa kumi alfajiri katika chumba cha nyuma chenye matangi na mabomba, kabla taa za ukumbini hazijawashwa. Napima maji.

Mashine hupitisha kiasi cha nusu lita ya maji yaliyochanganywa na chumvi maalumu kila dakika. Kwa saa nne, hizo ni lita 120. Mtu mwenye afya hunywa maji kidogo, tumbo linayachuja, figo zinatoa taka. Mgonjwa wa dayalisisi hukutanishwa na lita hizo zote zikiwa upande wa pili wa utando mwembamba mno unaogusa damu yake. Hana tumbo la kumkinga hapo, wala figo. Klorini ambayo kampuni ya maji huitia ili tusipate kipindupindu, ikimfikia yeye hupasua chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo maji hupita kwanza kwenye matangi mawili ya mkaa, moja baada ya jingine, kisha kwenye mtambo wa uchujaji wa shinikizo kubwa. Nachukua sampuli baada ya tangi la kwanza, naangalia rangi inavyogeuka, naandika namba, natia sahihi. Klorini yote kwa jumla isizidi miligramu 0.1 kwa lita. Kabla sijatia sahihi, hakuna mgonjwa anayeunganishwa, hata awe amefika kwa ambulensi. Kipimo hicho hurudiwa kila zamu.

Sahihi hiyo imelipiwa kwa roho za watu. Mwaka 1993, katika kitengo cha hospitali moja ya Chicago, wagonjwa watatu walikufa kwa floridi iliyopenya kwenye maji baada ya vichujio kuchoka. Mwaka 1996, huko Caruaru, Brazil, maji yenye sumu ya mwani yaliua makumi ya wagonjwa wa kituo kimoja. Mashine zao hazikuwa na kasoro. Kilichowaua ni maji.

Sasa turudi Nairobi. Hapa kijana akiuliza fundi wa dayalisisi anasomea wapi, lazima nimuulize: fundi yupi? Kazi ninayoifanya peke yangu kule, nyumbani imegawanywa kati ya watu wawili. Anayemdunga shangazi na kumwangalia ni nesi. Amesoma stashahada ya uuguzi au shahada, amesajiliwa na Baraza la Wauguzi, na aliyebobea ameongeza stashahada ya juu ya uuguzi wa figo pale KMTC, chuo kilicho ubavuni mwa Hospitali ya Kenyatta, mwendo mfupi wa matatu kutoka Adams. Anayeshika mashine na mtambo wa maji ni injinia wa vifaa vya tiba, naye pia ana stashahada yake, mara nyingi ya chuo hicho hicho. Leseni yangu ya Washington hainipi ruhusa ya kumdunga mtu Nairobi, na naona ni sawa kabisa. Nesi aliyempokea shangazi amesoma kuliko mimi kwa mbali. Alijua moyo wake, dawa zake za presha, na jina la mjukuu wake. Alipoweka sindano niliangalia pembe ya mkono wake nikajua niko mbele ya mtu anayeiweza kazi.

Tofauti si elimu basi. Niliiona Alhamisi ya wiki ya pili, katika hospitali ya umma ambayo sitaitaja.

Mashine ya shangazi ilianza kulia kabla hajaunganishwa. Nilisoma kioo nikiwa nimesimama pembeni: mchanganyiko wa chumvi haukuwa sawa. "Sista, hii imekataa," shangazi akasema, kwa sauti ya mtu aliyeizoea. Sista, nesi wa zamu, alikuwa na wagonjwa watano. Akaizima, akaiwasha, ikalia tena. Akapiga simu kwa injinia. Injinia alikuwa wodi ya kujifungulia, kwenye mashine za kuwatia joto watoto njiti, na kabla ya hapo alikuwa chumba cha upasuaji. Mtu huyo mmoja alikuwa wa hospitali nzima asubuhi ile. Tulingoja hadi karibu saa sita mchana.

"Mama, leo tutafanya masaa mawili," sista akamwambia shangazi akimshika bega. "Wengine wanangoja kiti."

Saa mbili badala ya nne. Kufikia Jumapili miguu yake ilikuwa imevimba, na usiku alilala ameegemea mito mitatu ili apate pumzi.

Wakati tunangoja, nilimuuliza sista kwa adabu ni nani hupima klorini asubuhi. "Hiyo ni ya injinia," akajibu. Injinia alipofika, jasho likimtoka, nikamuuliza naye. "Nyinyi wa renal ndio mnapima, ama?" akasema akimgeukia sista. Wakatazamana. Sikuwaona kama watu wazembe hata kidogo. Kila mmoja alikuwa anabeba mzigo wa watu watatu. Ila kati yao palikuwa na pengo, na ndani ya pengo hilo ndimo maji yalimopita kwenda kwenye damu ya shangazi yangu.

Na maji ya Nairobi si ya kuaminiwa kwa mazoea. Kule Seattle maji mengi hutoka kwenye bonde la Mto Cedar, msitu uliofungwa watu wasiingie, na tabia yake haibadiliki sana. Hapa maji ya bwawa la Ndakaini huja kwa mgao. Mfereji ukikauka, majengo ya Ngong Road hufungulia kisima au huita lori la maji, na visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi. Jumatatu ni maji ya mfereji wa jiji, Alhamisi ni ya kisima, na hakuna anayejua lori lilijaza wapi. Mtambo mzuri wa kuchuja unaweza kuyamudu yote hayo, mradi utando wake na mkaa wake vibadilishwe kwa wakati. Kwa sababu hiyo, nasema bila kusita, Nairobi inamhitaji mtu wa maji kuliko Seattle inavyonihitaji mimi.

Sisemi kwamba nyumbani hakujafanyika kitu. Shangazi angekuwa amekwisha kuuza shamba na kila kitu kama si NHIF, bima ya afya ya serikali, iliyoanza kulipa shilingi 9,500 kwa kila kipindi, mara mbili kwa wiki. SHA ilipochukua nafasi yake mnamo Oktoba 2024, kiwango kilipanda hadi shilingi 10,650. Mara mbili alizopata shangazi si mara tatu za kule kwetu, na mwili unaijua tofauti hiyo. Kuanzia 2015 mpango wa serikali wa kukodisha vifaa vya hospitali ulipeleka mashine hadi kwenye kaunti ambazo watu wake walikuwa wakisafiri usiku kucha kufuata mashine Nairobi. Lakini wakaguzi na maseneta waliochunguza mpango huo walikuta vifaa vilivyokaa bure katika hospitali zisizo na wataalamu, umeme au maji ya kutosha. Mashine hukatiwa utepe mbele ya kamera, bali nafasi ya kazi ya mtu wa kupima maji haina utepe wa kukata.

Wapo Wakenya wenzangu ughaibuni wanaosema nyumbani paige Marekani: wachukuliwe vijana wa kidato cha nne, wafunzwe miezi kadhaa, wadunge. Siungi mkono. Kenya ina manesi waliosoma wanaotafuta kazi, na mgonjwa wa figo ana mengi mwilini ambayo mimi, kwa mafunzo yangu, nilihitaji nesi aniambie. Ninachokitaka ni kidogo kuliko hayo. Kila kitengo cha figo cha hospitali ya umma kiwe na injinia wake, wa zamu zote, asiyeitwa wodi ya kujifungulia. Awe na daftari la maji lenye safu ya sahihi, na sista awe na haki ya kusema hatumuunganishi mtu mpaka niione sahihi hiyo. Gharama yake ni mshahara mmoja na vikaratasi vya kupimia.

Kwa kijana anayeuliza njia: kama moyo wako uko kwa mgonjwa, soma uuguzi, kisha uongeze ule wa figo. Kama mikono yako inapenda mitambo, soma uhandisi wa vifaa vya tiba, na ukiajiriwa omba kupelekwa kitengo cha figo. Huko ndiko unakohitajika.

Na wewe unayempeleka mama, baba au shangazi kwenye mashine wiki hii, ukifika msalimie sista, mpe pole ya kazi, kisha umuulize swali hili moja kwa upole: nani amepima maji leo? Akikuonyesha daftari, mshukuru. Asipokuwa nalo, uliza tena kipindi kijacho, na umwambie mgonjwa wa kiti cha pili naye aulize.