Kuifuata Baridi Mpaka Kitulo

Mtu wa Dar es Salaam akisikia habari za baridi, mawazo yake huvuka bahari. Huona theluji ya kwenye televisheni, au binamu yake aliyeko Stockholm anayetuma picha akiwa amefunikwa mpaka masikio. Ilhali baridi ya kwetu ipo, ina majira yake na mikoa yake, na njia ya kuiendea ni ya lami. Kuanzia Juni mpaka Agosti kipupwe hukaa Nyanda za Juu Kusini, na kwangu mimi huo ndio wakati wa kuziona. Najua waongozaji wa watalii wanashauri vingine: nenda Hifadhi ya Kitulo kati ya Desemba na Aprili, mvua zinyeshe, maua yachanue. Maua ni mazuri kweli. Lakini anayetaka kuwajua watu wa huko na kazi wanayoifanya ili ardhi iwalishe, awaendee wakati wa baridi.

Mimi na shoga yangu hatukupanga kitu. Tumesoma pamoja tangu shule ya msingi. Wazazi wake ni Wakinga waliokuja Kariakoo kufanya biashara kama Wakinga wengine wengi, na yeye amekulia Ilala. Makete kwao alikuwa akienda Desemba tu, Krismasi, wakati kila kitu ni kijani na tope. Alhamisi moja ya Julai alinipigia simu usiku. "Mwenzangu, bibi kaniambia viazi vya bondeni vimeungua kwa jalidi. Umri wote huu sijawahi kuiona jalidi ya kwetu. Twende?" Nikamuuliza lini. "Alfajiri." Nilikuwa na sweta moja na koti la mvua. Nikaviweka kwenye begi pamoja na khanga mbili, nikalala.

Uzuri wa barabara ya kusini kwa gari lako mwenyewe ni kwamba baridi huipanda ngazi baada ya ngazi. Dar uko usawa wa bahari. Morogoro umepanda mita 500 hivi, na milima ya Uluguru imesimama juu yako ikiwa na mawingu mabegani. Iringa umevuka mita 1,500. Njombe unakaribia 2,000, na Kitulo unapita 2,600. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana tuliondoka Kimara vioo vikiwa chini na kila mmoja amevaa blauzi nyepesi, na kufika Mafinga tulikuwa tumevaa kila nguo tuliyobeba, khanga tumejitanda juu yake.

Mikumi barabara inakatiza hifadhini kwa kilomita 50 hivi, na kipupwe huku chini ni kiangazi: nyasi zimekauka, zimelala, hivyo wanyama wanaonekana mbali. Tuliwaona twiga, pundamilia, na tembo waliosimama karibu na lami bila kujali malori. Tulikwenda polepole. Mabango ya faini kwa anayegonga mnyama yapo wazi, lakini hata yasingekuwepo, mtu mwenye moyo hawezi kukimbia mahali pale.

Ruaha Mbuyuni ni vitunguu. Vimepangwa kwenye ndoo na mifuko ya wavu, vyekundu, vinang'aa, na wauzaji wanavikimbilia vioo vya magari. Hapo barabara inafuata Mto Ruaha Mkuu katikati ya mibuyu isiyo na jani hata moja, maelfu, mpaka juu ya vilima. Mibuyu ile imevua majani kwa sababu ya ukame, na kwa safari kama yetu hakuna lango lililo zuri kuliko hilo. Kisha mbele unauona ukuta wa mlima, na malori yanayoupanda yanaonekana hayasogei.

Huo ndio Kitonga. Nimesikia watu wakiusimulia kwa hofu tupu, na kweli umeua wengi. Mabaki ya magari bondeni si hadithi. Lakini Kitonga pia ni mahali ambapo madereva wa Tanzania, Zambia na Kongo wanazungumza bila kufahamiana. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kulia, tulia nyuma, kuna gari linashuka. Likiwasha ya kushoto, dereva anakwambia pita. Ukikuta matawi mabichi yamewekwa barabarani, kuna mwenzako kaharibikiwa mbele ya kona. Shoga yangu ndiye aliyekuwa usukani, gia namba mbili, mikono imetulia. Alipopewa kushoto alipita, akapiga honi fupi ya asante, na dereva wa lori akajibu. Nilimtazama nikajivunia. Urafiki wa miaka mingi una vyumba vingi ambavyo hujaviingia, na mimi sikuwa nimewahi kumwona akiendesha gari mlimani.

Ukishamaliza Kitonga, hewa ni nyingine. Ilula wanauza nyanya kando ya barabara, na mbele kidogo, Lugalo, kuna mnara ambao magari mengi hupita bila kupunguza mwendo. Tarehe 17 Agosti 1891, majira haya haya ya kipupwe, wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, waliuvamia hapo msafara wa jeshi la Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Mnara ni wa kumbukumbu ya Wajerumani waliokufa. Tulisimama. Upepo ulikuwa unapuliza nyasi kavu, na shoga yangu akasema, "Hawa Wahehe walikuwa wamevaa nini katika baridi hii?" Swali hilo darasani hatukuwahi kuliuliza, tulikariri tarehe tu. Fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa Ujerumani baada ya kifo chake mwaka 1898, lilirudishwa mwaka 1954 na liko Kalenga, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini. Nani anapita Iringa akashindwa kufika Kalenga?

Kutoka Iringa kwenda Makambako sina mengi ya kusimulia ila misonobari. Msitu wa Sao Hill unakwenda na barabara kwa muda mrefu, mistari iliyonyooka, na Mafinga nzima inanuka mbao mbichi. Makambako kuna upepo unaoingia mpaka mfupani; hapo reli ya TAZARA inakutana na barabara kuu, na hapo ndipo tulipoacha njia ya Mbeya tukashika kushoto, Njombe.

Njombe tuliingia jua likizama. Kama kuna mji nchini ambao umejengwa kwa ajili ya kipupwe, ni huu. Hakuna anayevaa kwa ajili ya kujionyesha: bodaboda wana makabuti na glavu, watoto wana kofia za sufu, akina mama wamejifunga vitenge juu ya masweta mawili, na stendi mitumba inayotafutwa ni jaketi nene. Mitaro ya mji inapitisha maji safi. Mto Ruhuji unaanguka kwenye mwamba pale pale kando ya barabara kuu, watu wanapita na mizigo yao kana kwamba kila mji una maporomoko yake. Parachichi ziko kila mahali, na mashamba yake yamepanda milima ambayo zamani ilikuwa ya miwati. Tulikula viazi mviringo vya kuchemsha, maharage na parachichi, tukashushia chai ya maziwa yenye tangawizi. Nimekula hoteli kubwa. Chakula kile cha Njombe usiku ule, mvuke ukipanda usoni, nakiweka juu ya vyote.

Mama mwenye gesti alituletea jiko la mkaa chumbani. "Oteni moto, wanangu, halafu nalichukua." Alikaa nalo pamoja nasi, akatuuliza habari za Dar, na alipoona macho yanatuwia mazito akalibeba kulitoa nje mwenyewe. "Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hauamshi mtu," alisema. Kila msimu wa baridi kuna familia inayopatwa na msiba huo kwa kulala na jiko, na yeye hakutuachia sisi wageni tuamue. Akatuongezea blanketi la tatu.

Alfajiri tuliondoka kwenda Makete, zaidi ya kilomita 100 za lami inayozungukazunguka milimani. Nani angeamini, shoga yangu alisema, kwamba njia hii baba yake aliitembea kwa lori la viazi akikwama siku mbili matopeni. Tulipanda tukiwa ndani ya ukungu, tukatokea juu yake. Chini yetu mabonde yote yalikuwa yamejaa weupe, na vilele vimechomoza kama visiwa. Ngano ilikuwa imevunwa, na mashamba ya pareto yalikuwa yamepanda miteremko ambayo mbuzi angefikiri mara mbili.

Tulipofika, bibi yake shoga yangu alikuwa akitusubiri jikoni, karibu na moto, na tulipompa shikamoo alitushika mikono yetu yote minne pamoja na kuisugua. Asubuhi iliyofuata alituamsha kabla ya jua. "Jana jioni hakukuwa na upepo wala wingu. Itakuwepo." Ndivyo wanavyoijua: mbingu ikiwa wazi usiku, joto la ardhi linapanda na kupotea, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, inateremka na kutuama bondeni. Bondeni ndiko viliko vinyungu, bustani za kiangazi zinazotegemea unyevu wa ardhi. Kwa hiyo mahali penye maji ndipo penye hatari, na mkulima wa Makete analima akiwa katikati ya mambo hayo mawili kila mwaka.

Tulishuka naye kwa miguu. Bonde lote lilikuwa jeupe. Nyasi zilivunjika chini ya viatu kwa sauti ndogo, majani ya kabeji yalikuwa yamezungukwa na chembe zinazometa, na juu ya kindoo cha maji palikuwa na kioo cha barafu. Shoga yangu alikichukua mkononi akakitazama mpaka vidole vikawa vyekundu. Bibi yake hakuwa na muda wa kustaajabu: alifunua nyasi kavu alizozitandaza jioni juu ya miche yake, akakagua mmoja mmoja, akahesabu iliyopona. Iliyopona ilikuwa mingi. Upande wa pili wa mfereji viazi vya jirani vilikuwa vimesinyaa, vyeusi kama vilivyomwagiwa maji ya moto. Bibi aliviangalia, akasema jioni atampelekea nyasi. Uzuri wa mahali ninaousifu mimi ni huu, pamoja na mandhari.

Na mandhari nayo haina mfano. Kutoka hapo tulipanda Kitulo kwa njia ya vumbi, ambayo kiangazi gari la juu linaipita bila shida. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 2005, na ni ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya kulinda mimea. Aina zaidi ya 40 za okidi huota huko, na viazi vyake vya chini ya ardhi vilikuwa vikichimbwa kwa wingi na kuuzwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Sasa zimelindwa. Mwezi Julai hutaziona. Zimelala ardhini zikingoja mvua za Novemba. Unachokiona ni uwanda wa nyasi za rangi ya dhahabu unaokwenda mpaka mwisho wa macho, mbingu ya buluu kali, ng'ombe weusi kwa weupe wa shamba la maziwa la Kitulo wakitoa mvuke puani, na Mlima Mtorwi, mita zaidi ya 2,900, umesimama bila wingu hata moja. Wakati wa maua milima ile mara nyingi imefunikwa. Kipupwe ndicho kinachokupa umbali. Tulikaa kwenye boneti yenye joto la injini, tumejifunika blanketi moja, hatukusema neno kwa muda mrefu, nasi ni watu wa maneno mengi.

Tulirudi kwa njia ya Matamba, inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Chimala. Wenyeji wanazihesabu kona 57. Kila kona unavua kitu: kwanza glavu, kisha kofia, kisha sweta, na ukifika chini kwenye mpunga wa Usangu unatoka jasho na unatafuta maji baridi. Sijui safari nyingine nchini inayokupitisha kutoka jalidi mpaka joto la bondeni kwa asubuhi moja.

Basi nawe mwite mwenzako, msipange sana. Nendeni Julai. Kitonga muupande mchana, matairi na breki vikaguliwe Dar kabla ya kuondoka, mafuta mjaze Njombe kabla ya kupanda Makete. Chukueni masweta mawili mawili, soksi nene, na fedha taslimu za kununulia viazi, vitunguu na parachichi za njiani, kwa sababu baadhi ya wanaoviuza wameamka kwenye jalidi kuvilima. Jiko la mkaa msilale nalo. Lami ipo mpaka Makete mjini.