Kitanda kimekauka, harufu bado ipo

Kilolo mbao si shida. Misindano imejaa milimani, na kitanda au kabati hutengenezwa na fundi wa jirani. Shida ni baridi.

Mwezi Juni, mama mmoja wa Dabaga alimwita fundi apulizie upya kitanda cha mwanawe wa miaka minne, kilichokuwa kimejaa mikwaruzo. Fundi alipiga msasa, akafuta vumbi, akachanganya vanishi na tina, akapuliza uani mikono miwili. Jioni ukungu ukashuka na vanishi ikaanza kuwa nyeupe, kana kwamba imemwagiwa maziwa. Hutokea hivyo hewa ikiwa na unyevunyevu: tina ikiruka haraka hupoza mbao, na unyevu unatua juu ya vanishi mbichi. Baba akaona njia ni kukiingiza ndani, kufunga dirisha na kuweka jiko la mkaa pembeni.

"Mwanangu, unataka kutuchoma?" bibi akauliza.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mvuke wa tina hushika moto, tena ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni mpaka kwenye jiko. Na mkaa ukiwaka chumba kimefungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Jiko likatolewa. Kitanda kikabaki, dirisha likabaki limefungwa kwa sababu ya baridi, na mtoto akalala humo maana vanishi ilikuwa haishiki tena mkononi.

Asubuhi aliamka akilia kichwa, akatapika, uji akaukataa. Wazazi wakajua ni malaria. Zahanati kipimo hakikuonyesha kitu. Nesi akamwinamia mtoto, akanusa sweta lake.

"Mama, huyu jana alilala wapi?"

Vanishi ikikauka juu, chini bado inatoa mvuke kwa siku kadhaa, na kwenye baridi huchelewa zaidi. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo kwa uzito wake huvuta mvuke mwingi. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua kwa harufu kidogo tu. Hata fundi aliyejifunga kitambaa usoni hajajikinga, maana kitambaa huzuia vumbi, mvuke hupita. Anahitaji barakoa yenye kichujio cha mkaa. Kazi hiyo ifanyike nje, ukungu ukishaondoka na jua likiwaka, watoto wakiwa mbali.

Mtoto alipata nafuu siku hiyohiyo. Waliporudi nyumbani, bibi aliwaonyesha kitu kingine: tina iliyobaki, fundi ameiacha dirishani kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto akiinywa asitapishwe, kwani ikirudi juu inaweza kuingia mapafuni. Awahishwe kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe.

Kitanda kilikaa barazani siku tisa. Kila asubuhi mama alikiinamia na kunusa. Mtoto alilala na bibi yake, na siku ya kumi hakutaka kuhama.