Picha 52 za Miyuji

Masharti ni mepesi: kila wiki picha moja, mwaka mzima, jumla 52. Nilianza Januari, kwa simu yangu ya kawaida, hapa hapa Miyuji ninakopanga. Washkaji wakacheka: "Dodoma utapiga nini, vumbi?"

Kweli mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, kisha upepo na ukavu. Ila ukijua Jumamosi unadaiwa picha, unaanza kuona. Mtama unakomaa, unavunwa, mabua wanaachiwa ng'ombe. Mbuyu unapukutisha majani.

Hayo mvua itayarudisha. Mengine hayarudi. Tangu serikali ihamie huku na Dodoma kuwa jiji mwaka 2018, mashamba yanageuka viwanja. Wiki ya 9 nilipiga shamba la mtama. Wiki ya 31, pale pale, nikapiga msingi wa nyumba. Bibi aliyekuwa akililima aliniomba nimsafishie ile ya kwanza. Akaishika muda mrefu. "Mjukuu wangu, watoto wangu wote wamesomeshwa na hapa."

Zimebaki wiki 12. Wewe unayepanga Nkuhungu au Chang'ombe, anza na yako, maana tukimaliza chuo mitaa hii hatutaitambua.