Siku Tatu za Maji Mafu Huko Shela

Tuliwasili jetini Mokowe alasiri, kina mama tisa na watoto kumi na watatu, tukiwa tumechoshwa na basi lililotutoa Mombasa alfajiri na kutupitisha Malindi, Garsen na Witu. Kijana wa mashua alitugawia majaketi ya kuokolea maisha, ya rangi ya chungwa, yaliyonuka chumvi na dizeli. Watoto waliyavaa papo hapo kwa furaha. Sisi watu wazima tulitazamana. Baadhi yetu tuliyaweka mapajani, kwa kuona kwamba safari ni fupi na shungi zitavurugika, mpaka mwenzetu mmoja ambaye hakuwa amesema neno tangu Garsen alipolifunga lake hadi kishikizo cha mwisho, kisha akaanza kutufunga sisi mmoja mmoja bila ya kutuomba ruhusa. Hakuna aliyembishia. Sote tulijua sababu.

Mwaka uliopita, siku ya bamvua, tulikuwa pamoja naye katika ufuo mmoja wa Mombasa. Maji yalikuwa yakitoka kwa kasi kupitia mlango wa mwamba, nasi hatukujua kuyasoma. Binti yake wa miaka tisa alichukuliwa. Mama aliingia hadi kiunoni, dera likamzinga miguu, akaanguka. Sisi wengine tulibaki mchangani tukipiga mayowe, kwa sababu miongoni mwetu sote, watu tuliolala na kuamka kwa sauti ya mawimbi tangu utotoni, hapakuwa na hata mmoja aliyejua kuogelea. Wavuvi wawili waliokuwa wakishona nyavu zao ndio waliomfuata mtoto na kumrudisha. Alhamdulillahi, yu hai, na siku ile ya Mokowe ndiye aliyekuwa amekaa omoni akihesabu mikoko.

Hatukwenda Lamu, basi, kutazama milango ya nakshi, ingawa tuliitazama. Tulikwenda kujifunza maji.

Mwenyeji wetu ni ndugu yetu aliyeolewa huko miaka mingi iliyopita. Alitupangia siku yeye mwenyewe, na alipotutajia tarehe saba, nane na tisa za mwezi wa Kiislamu, tulidhani ni kwa ajili ya shughuli zake za nyumbani. Kumbe alikuwa akihesabu maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bahari inapovuta kwa nguvu, maji yakajaa sana na kupwa sana. Hayo ndiyo mabamvua. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, yanayokuja na kuondoka kwa upole. Katika pwani yetu, siku za maji mafu maji huanza kujaa alfajiri na kukamilika karibu saa nne ya asubuhi, kwa hiyo anayeingia baada ya sala huwa anasukumwa kuelekea nchi kavu. Mwenye kalenda ya Hijria ukutani ana nusu ya elimu ya bahari jikoni mwake. Tuliona haya kidogo kuambiwa hivyo, maana kalenda tunazo sote, na tunazitumia kuhesabia Ramadhani tu.

Shela iko mwendo wa kilomita tatu hivi kutoka mji wa Lamu, kwa njia ya ufuoni. Tuliutembea mwendo huo kila jioni kwa sababu katika kisiwa kile miguu na punda ndiyo magari. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, uliojengwa mwaka 1829, una mnara mfupi mnene uliochongoka juu, na anayekuja kwa mashua huuona kabla ya kuiona nyumba yoyote. Nyuma ya mji yameinuka matuta ya mchanga mweupe, na chini ya matuta hayo ndimo mvua inamochujwa na kuhifadhiwa, yakapatikana maji matamu ya visimani. Wenyeji huyaheshimu matuta yale kama mtu anavyouheshimu mtungi wa nyumba. Kisha unaanza ufuo wenyewe, zaidi ya kilomita kumi za mchanga mtupu, bila ya kibanda wala muziki.

Ufuo huo ni mzuri mno, lakini hatukuogelea hapo. Mwenyeji wetu alitusimamisha mbele yake asubuhi ya kwanza akatuonyesha: upande huu bahari kuu, haina mwamba wa kuikinga, upande ule mkondo wa kati ya Lamu na Manda, ambao maji yakigeuka hukimbia kama mto. "Uzuri wa pahala si ruhusa ya kuingia," alisema, kisha akatupakia mashuani hadi upande wa Manda, penye mchanga laini na maji yanayofika magotini kwa hatua nyingi. Nahodha, mzee wa makamo, alitushusha, akaondoka na mashua yake hadi mbali, akatupa nanga na kutupa mgongo. Adabu ile hatutaisahau. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, na jua lilikuwa bado jekundu.

"Ndooni," mwenyeji akatuita kwa Kiamu chake, naye tayari yumo kifuani. "Mai yana vuguvugu!"

Yalikuwa na vuguvugu kweli. Lakini hatukwenda mbio. Watoto waliingia kama bata. Sisi tuliingia kama watu wanaopanda ngazi gizani. Somo la kwanza halikuwa kuogelea. Lilikuwa kutia uso majini na kupuliza mapovu, jambo ambalo wajukuu wetu hulifanya kwa kucheka, nasi wenye miaka hamsini tulilifanya kwa shahada midomoni. Somo la pili lilikuwa kuelea: kulala chali, masikio yakiwa ndani ya maji, kidevu juu, kifua kimejaa pumzi, mkono wa mwenzako chini ya kisogo. Mtu aliyevuta pumzi ni mwepesi kuliko maji ya chumvi; kinachomzamisha ni kujikunja na kupigapiga. Kulijua hilo kwa akili ni rahisi. Kuliamini kwa shingo ni kazi ya siku nzima.

Mwenzetu anayesumbuliwa na magoti, ambaye nyumbani huswali kitini, ndiye aliyetushangaza. Alisimama majini hadi kifuani akaanza kutembea, kwenda na kurudi, akageuka na kutwambia kwamba hasikii maumivu. Sababu yake si muujiza. Maji yakifika kiunoni hubeba takriban nusu ya uzito wa mtu, yakifika kifuani miguu hubaki na kama theluthi tu, na yakifika shingoni hubaki na sehemu moja ya kumi. Wakati huohuo kila hatua inasukumana na maji, kwa hiyo moyo na misuli hufanya kazi ilhali viungo vinapumzika. Mchanga nao, wale wasiopenda kulowa, huudai mwili karibu nguvu maradufu ya zile za kutembea juu ya sakafu. Kwa maradhi yetu ya mtaani hiyo ni dawa isiyouzwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wa Kenya wana shinikizo la damu, na sukari ni nadra kuikosa katika nyumba ya Mwambao yenye wazee wawili. Shirika la Afya Duniani huwataka watu wazima wapate angalau dakika 150 za kuutumikisha mwili kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Hesabu zake za mwaka 2022 zasema kwamba asilimia 34 ya wanawake ulimwenguni hawafikii kiwango hicho, dhidi ya asilimia 29 ya wanaume. Kwa kwenda na kurudi Shela peke yake tulikuwa tukikipita kiwango hicho kwa siku tatu.

Tuseme kweli pia: baada ya kuogelea tulirudi kwenye mahamri na mbaazi, na kuna aliyekula mahamri sita. Hatumtaji. Wala tusidanganyane kuhusu vitamini ya jua, ambayo wengi wetu tunaambiwa kliniki kwamba imepungua. Anayeingia majini amejisitiri, na jua la asubuhi ni changa, hapati nyingi. Hilo lina tiba yake nyingine. Na wenye sukari wasiingie pekupeku. Mguu uliopoteza hisia hauwezi kukwambia kwamba umekatwa na tumbawe au kuchomwa na miiba, na jeraha dogo la baharini limewapeleka watu mbali. Viatu vya mpira ni bei ya kuku mmoja.

Mavazi yalikuwa na mjadala wake. Dera, vazi letu tunalolipenda, ni mtego majini. Hujaa maji, huzinga miguu na kumvuta mtu chini, nasi tulikuwa tumeliona hilo kwa macho yetu. Buibui ndiyo zaidi. Fundi wetu wa cherehani alitushonea suruali na kanzu fupi ya magotini kwa kitambaa chepesi kisichonyonya maji, na kofia inayofunika shingo. Haikuwa fahari, lakini ilisitiri, na iliturahisishia miguu. Kule Nungwi, Unguja, mradi uitwao Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya namna hiyohiyo, mwalimu mwanamke akimfundisha mwanamke, na wazazi waliokuwa wakisita wakakubali. Tunalitaja hili kwa sababu tumechoka kusikia kwamba dini ndiyo iliyotuweka nje ya maji. Wanazuoni wamepokea hadithi inayohesabu kujifunza kuogelea miongoni mwa mambo machache yasiyokuwa mchezo wa bure. Kilichotuweka nje ni kukosa mahali pa faragha, kukosa wa kutufundisha, na mazoea ya kuwaachia watoto wa kiume bahari yote. Huko Mji wa Kale wavulana hujirusha majini kando ya Ngome tangu enzi za babu zetu, nasi huwatazama kutoka madirishani. Katika sherehe za Maulidi ya Lamu kuna mashindano ya kuogelea na ya majahazi, na wanaoshindana ni vijana wa kiume. Binti hufundishwa kuiogopa bahari, halafu akikua anavuka kivuko kila siku.

Tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipopinduka Mtongwe, walikufa watu 272. Wawili kati yetu walipoteza jamaa zao siku ile. Jioni ya pili, tukiwa juu ya baraza la nyumba ya Shela na chai ya tangawizi, walilizungumza jambo hilo kwa mara ya kwanza mbele ya watoto. Hawakusema kwamba kujua kuogelea kungewaokoa wote. Hakuna anayeweza kusema hivyo. Mmoja wao alisema tu kwamba dada yake hakuwahi hata siku moja kutia kichwa ndani ya maji. Kisha tukanyamaza, na punda wakapita.

Kwa mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji ulimwenguni, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi wa hao wadogo hawafiki baharini kamwe. Hufia pipani, kisimani na katika ndoo iliyoachwa uani. Tuliporudi nyumbani jambo la kwanza tulilofanya ni kuyatafutia mapipa yetu vifuniko.

Siku ya tatu ilikuwa ya mwenzetu yule aliyetufunga majaketi. Kwa siku mbili alikuwa amebaki magotini, akiwashikia wengine taulo, jicho lake halimbanduki binti. Mwenyeji wetu hakumlazimisha. Alimwambia tu, "Njoo, mwanangu, nikushike kisogo nikuhesabie." Akaja. Akalala. Tulimwona akikaza vidole vya miguu, akikunja uso, akizama, akiinuka na kukohoa, akirudia. Binti yake, ambaye kwa wakati huo alikuwa tayari anaelea kama jani, alisogea akaweka mkono wake mdogo chini ya kisogo cha mama, kando ya mkono wa mwenyeji. Wakahesabu. Kufika kumi na mbili mwenyeji alitoa mkono wake. Kufika ishirini mtoto naye akatoa wake. Mama hakujua. Aliendelea kutazama juu hadi thelathini na moja, alipogeuza macho na kuona mikono yote iko hewani.

Alitufundisha pia, kabla hatujaondoka, la kufanya mkondo ukimchukua mtu: asipigane nao kwa kuelekea nchi kavu, kwa maana ndipo anapochoka na kuzama; alale chali, apumue, ainue mkono mmoja kuomba msaada, na akiwa na nguvu akate kwa ubavu hadi atoke nje ya mkondo. Aliye nchi kavu naye asijitose. Arushe kamba, dumu tupu, kilemba kirefu, chochote kinachoelea au kufika.

Lamu ni mbali, na nauli si ya kila wiki. Haifai kwamba wakaazi wa kisiwa cha Mombasa wasafiri siku nzima kutafuta maji ya kujifunzia. Tumezungumza na wenye ua mmoja ulio juu ya ufuo tulivu, nao wamekubali kutuachia njia asubuhi, kuanzia baada ya sala hadi saa mbili. Maji mafu mengine yanaingia tarehe 22 ya mwezi huu wa Kiislamu. Mwenye binti aliyetimiza miaka sita amlete, na aje yeye mwenyewe, si kumtuma na shangazi. Nguo ya kufaa, viatu vya mpira, maji ya kunywa. Majaketi tunayo manane, tutapokezana. Mahali hatupaandiki hapa, kina mama wataambizana.